Kiraka Ndani ya Glavu

Haya yote ni kweli tupu. Yalitokea katika mji wetu mdogo wa Kwa Vonza, juzijuzi tu, na sikuyaongezea chumvi hata punje moja. Naapa kwa meno yangu yote, yale yaliyobaki. Asiyeamini ashuke pale stendi, apite duka la mbegu, afuate harufu ya oili mpaka asikie nyundo, kisha aulize gereji ya Fundi Mbula ni ipi. Ataonyeshwa, na atakayoambiwa ni haya haya.

Kathini, bintiye Mbula, alikuwa Gredi ya Saba. Kila siku masomo yalipokwisha hakwenda nyumbani kwanza. Alipitia gerejini, akatupa mkoba juu ya rundo la matairi, akavaa aproni iliyomfika kwenye vifundo vya miguu. Nyumba yao ilikuwa nyuma tu ya gereji, lakini kwake yeye nyumbani palikuwa pale penye spana. Alijua kuziba pancha tangu akiwa na miaka tisa. Alijua kukwaruza mpira kwa msasa, kupaka solushoni, ile gundi ya viraka, kuipulizia ikauke kidogo, kisha kubandika kiraka na kukigonga kwa nyundo ndogo. Waendesha baiskeli walimwita Daktari.

Mama yake, yaani huyo Mbula, naye alikuwa fundi wa injini ambaye hapakuwa na wa kumfikia toka Kitui mjini mpaka Machakos. Gari lilipopita barabarani, Mbula aliweza kukwambia silinda ya ngapi inaumwa, tena akiwa ndani anakunywa uji.

Lakini mambo yalianza kugeuka. Pikipiki za umeme zilifika. Hazikutaka oili, hazikutaka plagi za injini, hazikupiga kelele. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakija gerejini kila wiki wakawa wanapita tu wakipunga mkono. Siku moja basi zima la umeme lilipita likielekea Kitui, na mafundi wote wa Kwa Vonza walitoka nje kulitazama, kimya, kama watu waliosimama kando ya barabara kupisha mazishi. Jioni ile fundi mmoja aliuza jeki yake.

Mbula hakuuza kitu. Alikwenda Nairobi akasoma miezi mitatu, akarudi na cheti na kazi mpya: kutoa injini kwenye gari kuukuu na kuweka mota ya umeme na betri mahali pake.

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Kusow, mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye familia yake ilitoka upande wa Garissa miaka mingi iliyopita. Bintiye Intisar aliketi dawati moja na Kathini. Mzee Kusow alikuwa na pikapu ambayo injini yake ilikufa njiani, karibu na Ikutha, ikiwa imejaa mbuzi. Aliileta ikivutwa kwa kamba, akaizunguka mara mbili, akamtazama Mbula kwa jicho moja.

"Fundi, tangu nizaliwe naona gari linakunywa mafuta. Hili lako litakunywa nini, upepo?"

"Litakunywa stima, Mzee."

"Na likilewa?"

Watu walicheka, lakini alikubali. Wenye magari wengine wote walikaa pembeni wangoje waone.

Betri ilikuja ndani ya sanduku la mbao lenye ukubwa wa jeneza la mtoto. Ilikuwa na nyaya nene za rangi ya chungwa, na Mbula alizungusha kamba kuizunguka pikapu nzima, akasema asiye na kazi ndani asivuke. Mafundi wa kwetu huuita umeme moto. Husema waya huu una moto, betri ile haina moto. Mbula aliwaambia kwamba moto wa betri hii si ule wa betri ya kawaida, ambayo fundi huweza kuigusa kwa mikono mitupu na kugonganisha nyaya ili aone cheche. Huu ni wa volti mia tatu na hamsini. Gari la petroli ukilizima, limezimika. Betri hii haina kuzimika. Hata ikikaa kimya namna gani, iko macho.

Kilichomruhusu kuishika kilikuwa jozi moja ya glavu za mpira, nyekundu, nzito, zenye kufika kwenye kiwiko. Zilitoka ng'ambo, na alizingoja miezi miwili. Zilitundikwa kwenye msumari wake peke yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Kila asubuhi, kabla ya kazi, Mbula alizipima. Alikunja glavu kuanzia mdomoni, upepo ukabanwa ndani, vidole vikavimba kama kiwele cha mbuzi aliyezaa. Kisha aliisogeza shavuni na kutulia, akisikiliza kama kuna upepo unaotoka. Kathini alipenda kumwangalia akifanya hivyo. Ilikuwa kama mtu anayemsikiliza mtoto akipumua.

Jumanne ya wiki ile, beberu wao alivunja ua wa zizi. Mama alikuwa amekwenda kununua bolti, na Baba alikuwa Kathonzweni akivuna ndengu, kwa hiyo kazi ya kuburuta matawi ya mgunga na kuziba pengo ilikuwa ya Kathini. Miiba ya mgunga haina huruma. Alipochomwa mara ya tatu, alisimama akinyonya kidole, na macho yake yakaangukia msumari ule.

Aliwaza kwamba ni dakika kumi tu.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Aliburuta matawi kama mtu mzima, mikono yake ikiwa salama ndani ya mpira ule mzito. Tawi la mwisho lilikwama, akalivuta kwa nguvu, likaruka. Alisikia kitu kama kuumwa na siafu. Alipoivua glavu ya kulia, aliona tone la damu kwenye ncha ya kidole cha shahada. Kwenye glavu palikuwa na tundu. Lilikuwa dogo hata ukipepesa macho hulioni. Aliijaza upepo, akaisogeza shavuni kama afanyavyo mama yake, na upepo ukamnong'oneza ngozini.

Aliona mambo yote kwa pamoja: uso wa mama yake, miezi mingine miwili ya kungoja, Mzee Kusow akiivuta pikapu yake kuipeleka kwa fundi mwingine, na mlango wa gereji ukifungwa mbele yake yeye. Ni hilo la mwisho, niseme ukweli, lililomtisha zaidi.

Lakini tundu ni tundu, na Kathini alikuwa Daktari. Aliigeuza glavu nje-ndani. Alikata kiraka kwenye tyubu kuukuu, kidogo kama kucha ya kidole gumba. Akakwaruza, akapaka solushoni, akapuliza, akabandika, akagonga taratibu. Hajawahi kuziba pancha vizuri kama ile. Alipoigeuza tena, hata yeye hakuweza kuona palikuwa na kitu wapi. Akaijaza upepo. Kimya. Akaipangusa vumbi, akairudisha msumarini, akashusha pumzi.

Asubuhi ya Jumatano alisimama mlangoni na mkoba mgongoni, akajifanya anafunga kamba za viatu. Mama aliichukua glavu ya kushoto, akaipima. Akaichukua ya kulia. Vidole vikavimba. Mama aliisogeza shavuni, akatulia, akatulia tena, kisha akatikisa kichwa kuridhika. Kathini alikwenda shule akirukaruka.

Hofu yenyewe ilikuja jioni, ikiletwa na isyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe. Walikuwa wakila, Mama, Kathini na Mjomba Mulei, mdogo wake Mama ambaye walifanya kazi pamoja. Mjomba Mulei aliuliza kwa mzaha kama itabidi avae glavu hata kufunga mlango wa pikapu. Mama hakucheka. Alieleza, huku akikoroga chakula asichokila, kwamba moto wa stima ya nyumbani mara nyingine humrusha mtu, akaanguka pembeni akiwa na bahati. Huu wa betri hushika. Mkono hujikunja wenyewe, na mwenye mkono hana uwezo wa kuufungua.

"Sasa kati yako na huo moto kuna nini?" Mjomba Mulei aliuliza.

"Glavu," Mama alisema. "Hakuna kingine."

Kathini aliweka kijiko chini. Alijaribu kuuliza, kwa sauti aliyotaka iwe ya kawaida, kwamba ikitokea zile glavu zimepotea itakuwaje. Mama alimtazama kidogo. Alijibu kwamba itabidi aagize nyingine na kungoja upya, na kwamba hana hakika kama Mzee Kusow angengoja. Kisha akauliza kwa nini anauliza.

"Nauliza tu, Mwaitu," Kathini alisema. Mwaitu ndivyo Wakamba tunavyomwita mama, na neno hilo lilimuuma ulimi.

Alijipa moyo. Betri ilikuwa iunganishwe Jumamosi. Leo ni Jumatano. Angesema Ijumaa, au hata Alhamisi jioni, akishapata maneno. Na zaidi ya hayo, kiraka kilishika vizuri. Hata upepo haukupita. Kama upepo haupiti, stima itapitaje? Alijiuliza swali hilo mpaka akapitiwa na usingizi, na kila alipojijibu, jibu halikutulia.

Alhamisi, saa nne na nusu, Mwalimu Kasyoki alikuwa akifundisha Sayansi Jumuishi. Mwalimu huyu alikuwa mrefu hata akiandika juu kabisa ya ubao alilazimika kuinama. Kathini alikuwa akinakili bila kusoma alichonakili. Intisar alimgusa kiwiko.

"Baba yangu amekwenda kwenu," alinong'ona. "Mama yako amempigia simu asubuhi. Wanaunganisha betri leo saa tano. Baba anataka gari kabla ya mnada wa Jumamosi."

Kathini alihisi dawati linazama chini yake. Alitazama saa ya ukutani. Kisha mkono wake ukajiinua wenyewe, na akajisikia akiuliza, katikati ya somo la mimea, kama glavu ya mpira iliyotoboka na kuzibwa kwa solushoni inaweza kuzuia stima.

Darasa lilicheka. Kijana mmoja nyuma alimwambia Daktari aende akawatibu Kenya Power. Mwalimu Kasyoki hakucheka. Aliuliza ni stima ya volti ngapi. Kathini alimwambia. Mwalimu aliweka chaki chini.

"Sijui," alisema polepole. "Upepo na stima havitafuti njia kwa namna moja. Mimi nisingeitia mkononi mwangu. Ni glavu ya nani?"

"Ya mama yangu. Na hajui."

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu alitoa simu, akapiga namba ya Mbula. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Kathini alijua simu ya Mama iko wapi: juu ya meza, mbali na kamba, kwa sababu Mama alikuwa ameweka sheria kwamba hakuna simu karibu na betri. Mwalimu alipoanza kupiga mara ya tatu, Kathini alikuwa ameshatoka mlangoni, na Intisar nyuma yake.

Toka shuleni hadi gerejini ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Siku ile barabara ilirefuka. Kathini alikimbia akipitia nyuma ya maduka, akaruka mtaro, kiatu kimoja kikabaki matopeni penye bomba linalovuja. Hakukirudia. Alijaribu kufikiria maneno ya kusema, na badala yake aliona kidole cha shahada cha mama yake kikiingia ndani ya glavu, kikienda moja kwa moja kwenye kile kiraka alichokibandika kwa ustadi. Alijikuta anaomba kwamba kazi ichelewe, kwamba bolti ipotee, kwamba beberu avunje ua tena. Alifikiria Baba huko Kathonzweni akipigiwa simu. Nani angempigia? Angemwambia nini?

Kompresa ilikuwa ikinguruma alipofika. Watu kama kumi walikuwa wamesimama nje ya kamba, Mzee Kusow mbele yao, mikono mgongoni. Ndani, Mjomba Mulei alishika mti mrefu mkavu wenye ndoano, ule wa kumvutia mtu nje akishikwa na moto. Na Mama alikuwa ameinama juu ya betri, mikono nyekundu mpaka kwenye viwiko, waya wa rangi ya chungwa mkononi.

Kathini alifungua mdomo apige kelele, akaufunga. Mama alikuwa amewafundisha kwamba mtu aliye juu ya moto hashtuliwi, wala hashikwi. Anayetaka kazi isimame ainue mikono yote miwili juu na angoje aonekane. Alivuta swichi ya kompresa, na kimya kikaanguka. Alisimama kwenye kamba, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, akainua mikono.

Mjomba Mulei ndiye aliyemwona kwanza. "Dada," alisema kwa upole, "acha kazi hapo hapo. Rudi nyuma."

Mbula alirudi nyuma hatua moja, mbili, akaugeuza uso. Alimwona bintiye aliyepaswa kuwa shuleni. Alivuka kamba, akamjia.

"Kathini, kuna nini? Nani ameumia?"

"Glavu ina tundu," Kathini alisema. "Ya kulia. Mwiba ulinichoma."

Mama alizivua glavu. Aliikunja ya kulia, upepo ukajaa, akaisogeza shavuni. Mama alisikiliza, akaiminya zaidi, akasikiliza tena. Haikutoa kitu. Akamtazama Kathini, na mikunjo ya paji lake ikalegea.

Mzee Kusow alicheka, cheko la mtu aliyeshtuka bure. Alisema mtoto huyu bila shaka amekimbia somo la hesabu. Mtu mwingine akacheka pia. Mama alianza kuivaa tena ile glavu.

Hapo ndipo Kathini alipoogopa kupita wakati wote. Maana alikuwa amesema, lakini amesema nusu, na ile nusu ilikuwa inamrudisha mama yake kwenye betri. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu pale ambaye angemlaumu. Kulikuwa na macho ya watu kumi, kulikuwa na mteja, kulikuwa na Intisar akihema pembeni.

"Haitatoa upepo, Mwaitu," alisema. "Nimeiziba. Nilizitumia kushika miiba, ikatoboka, nikaiziba kwa solushoni kwa ndani ili usione. Igeuze."

Mama aliigeuza nje-ndani, kidole kimoja kimoja. Alipofika kwenye cha shahada, kiraka kilikuwa pale, cheusi, kimekaa sawasawa, kazi safi kabisa. Mbula alikitazama kwa muda mrefu. Kisha aliweka ncha ya kidole gumba kando ya kiraka na kusukuma kidogo. Solushoni ilikuwa imeulainisha mpira pande zote, ukawa kama ngozi ya kidole kilicholala majini. Hakusukuma kwa nguvu. Kidole gumba kilipita, kikatokea upande wa pili.

Mjomba Mulei aliuweka mti chini. Mama alirudi kinyumenyume mpaka akagusa rundo la matairi, akaketi, na Kathini akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: mikono ya mama yake, ile iliyofungua injini zote za barabara ile, ilikuwa ikitetemeka juu ya magoti.

Alingoja kofi. Alitamani hata lije. Mama alimvuta akamkumbatia kwa nguvu iliyoumiza, kisha akamsukuma mbali kidogo ili amwone usoni.

"Sikia," alisema. "Kutoboa glavu ni kosa. Ulichukua kitu ulichokatazwa. Lakini glavu yenye tundu isingeniua, kwa sababu ningelisikia tundu lako jana asubuhi, nikakugombeza, na mambo yakaisha. Iliyotaka kuniua ni hii uliyoiziba vizuri. Umenielewa? Kosa lililo wazi nitajihadhari nalo. Ukinifichia, umenivalisha mkononi bila mimi kujua."

Kathini aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye aproni ambayo hakuwa ameivaa, yaani kwenye sare ya shule.

"Na jambo la pili ni letu sote," Mama aliendelea, akimtazama sasa Mulei na mafundi wengine waliokuwa wamekuja kushangaa. "Sisi tumezoea kwamba hakuna kisichozibika. Waya, tyubu, bomba, vyote tumeviunga na vikaenda. Solushoni ni dawa ya tairi. Magari haya mapya yana masharti yake, na anayetaka kuyatengeneza sharti aanze shule upya, hata akiwa na mvi. Mimi mwenyewe nilipima upepo nikaridhika. Kuanzia leo glavu tutazigeuza pia."

Mzee Kusow alikuwa ameondoa kofia yake. Alisema kwa sauti ya chini kwamba amesafirisha mbuzi kwa magari mabovu maisha yake yote, na kwamba mnada mmoja si kitu. Pikapu ingengoja. Kisha alimgeukia Kathini.

"Binti, ulipotoka darasani ulijua utagombezwa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na bado ukaacha kiatu njiani." Akamtuma Intisar akakilete.

Kathini alikatazwa kukanyaga gerejini mpaka glavu mpya zifike, na siku hizo zilikuwa ndefu kuliko kifungo. Ile ya zamani Mama aliikata vipande viwili kwa mkasi ili isije ikamdanganya mtu mwingine. Mpya zilipokuja, alimwita Kathini, akamfundisha kuzigeuza, kuzikagua kidole kwa kidole penye mwanga, kuzijaza upepo, na kuandika kwenye daftari alichokiona. Tangu siku hiyo Fundi Mbula haanzi kazi kabla binti yake hajasema zipo sawa.

Na pikapu je? Iliwaka. Au niseme haikuwaka, maana haikutoa sauti hata kidogo. Mzee Kusow alikaa nyuma ya usukani akingoja ingurume, kumbe ilikuwa imeshaanza kutembea. Mnada uliofuata iliondoka na mbuzi arubaini na ngamia mmoja, ikapanda kilima bila kupumzika, na mbuzi wakashuka Ikutha hawajui kama wamesafiri.

Hapo ndipo nilipokuwa nimemaliza, nikampa Intisar karatasi hizi asome, nikingoja sifa. Alizisoma zote amesimama. Akauliza ngamia alitoka wapi. Akasema mbuzi walikuwa tisa, aliwahesabu yeye mwenyewe, na kwamba kilimani watu walishuka wakasukuma kidogo. Akauliza pia, kwa adabu, mimi siku ile ya betri nilikuwa wapi, maana hakuniona kwenye kamba. Kathini alikuwa kando yake, na aliniangalia tu. Jicho lile lilinishinda.

Nilikiri. Nilikuwa kwangu nimelala usingizi wa mchana. Haya yote nilisimuliwa na hao wawili na Mulei. Nao wakakaa wakashauriana, wakanihukumu soda na mandazi kwa Gredi ya Saba nzima. Nikadai darasa lina wanafunzi kumi na wanane. Intisar akaleta rejista. Ni arubaini na watatu, na Mwalimu Kasyoki juu yao. Nimelipa, wote wamekunywa, na ngamia nimemwacha mle ndani ili muone nilivyoadhibiwa kwa haki.